Lokesheni za picha za mandhari hapa Mombasa na vile mimi huzitafuta

Kila nikitoa picha kuna mtu ataniuliza "hapa ni wapi?", nikimjibu ni Nyali ananiambia Nyali kashakwenda mara kumi na hapo hajapaona. Na kweli hajapaona, manake mara zote hizo amekwenda Jumapili jioni maji yamejaa mpaka kwenye kuta za mahoteli, na mimi ile picha niliipiga asubuhi, maji yamepwa, mwamba wote uko nje na vidimbwi vimeshika mawingu. Pahali ni palepale. Hapa kwetu ukimpa mtu jina la pahali hujampa kitu bado. Mpe na saa, mpe na maji, mpe na upepo wa msimu gani, hapo ndo umempa lokesheni. Mimi imenichukua miaka kulielewa hili kwa ivo naandika kila ninachofanya, uwe na simu au uwe na kamera kubwa inakuhusu.

Anza na maji kabla hujaanza na ramani

Wazee wa pwani huhesabu maji kwa mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa hesabu ya Kiislamu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini pale bandari ya Kilindini inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo na kipwa, ule mwamba na mchanga unaobaki nje maji yakitoka, hakionekani sawasawa. Hiyo wengi wanaijua. Wasiyoijua ni hesabu ya saa, nayo ndo muhimu kwa mpiga picha: siku za bamvua hapa Mombasa maji hupwa kabisa mida ya saa 4 asubuhi na tena saa 4 usiku, na hujaa mida ya saa 10, alfajiri na jioni. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Ukishika hizo namba mbili unaweza kukaa nyumbani na kalenda ya msikiti ukajua wiki ijayo uende wapi, ingawa mimi huhakikisha na jedwali la maji la Kilindini kabla sijatoka, lipo kwenye simu siku hizi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Asubuhi ya bamvua, jua likitoka saa 12 na robo hivi, maji yana saa mbili yanatoka. Mchanga umeoshwa usiku kucha, hauna nyayo hata moja, umelowa na unang'aa kama sahani. Hiyo ndo siku ya kwenda ufukwe mrefu kama Bamburi au Shanzu ukataka mistari na kivuli cha mawingu kwenye mchanga. Kipwa chenyewe kitaanza kuonekana saa 2 na kitakua wazi saa 3, saa 4, mwanga ushakua mkali lakini kwa picha za karibu za vidimbwi, viti vya pweza, matumbawe na watu wanaotafuta pweza, bado unafanya kazi. Ukitaka mwamba uwe nje jua linapochomoza, bamvua haikusaidii, subiri mpaka karibu na mwezi kumi au ishirini na tano, maji hupwa mida ya alfajiri siku hizo, hayashuki sana kama ya bamvua lakini yanatosha. Na ukitaka hori, ile mikono ya bahari inayoingia bara, zimejaa pomoni wakati wa magharibi, mikoko imesimama juu ya kioo, nenda siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji yanajaa na jua linazama karibu wakati mmoja.

Maji pia yanaua, hili nalisema kwa uzito. Nshawahi kuingia chini ya majabali upande wa Likoni, nikapita kwa mchanga mkavu nikiangalia tu kwenye skrini, kurudi nikakuta njia niliyopitia ni bahari. Nilitoka na mkoba kichwani na maji kifuani na lenzi moja ilikufa kwa chumvi siku hiyo. Tangu hapo sheria yangu ni moja: naingia maji yakiwa bado yanatoka, na yakigeuka tu na mimi nageuka. Mikoko vilevile, matope yake yanakushika mguu na maji huingia kwa vijimkono vya nyuma kabla hujayaona mbele.

Upepo na mvua

Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, bahari imetulia, maji yako wazi rangi zote unaziona, anga mara nyingi ni tupu. Kusi ikishika kuanzia Aprili bahari inachafuka, mawimbi yanapiga mwamba, na mwani unatapakaa ufukweni mpaka watu wanalalamika. Wapiga picha wengi hufunga msimu huo na mimi siwaelewi. Mwani ule asubuhi na mwanga wa upande una rangi ya kahawia na dhahabu ambayo kaskazi haina, halafu mawingu ya masika ndo mawingu, Mei ndo mwezi wa mvua nyingi hapa na ndo mwezi wenye anga nzuri kuliko wote kwa maoni yangu. Mvua ikikatika jioni simama dirishani, ukiona upande wa bara kuna mwanya chini ya wingu, toka mbio, jua litapita hapo dakika chache kabla halijazama na mji wote utakua wa rangi ya chungwa.

Jua linahama

Sisi tuko karibu na ikweta kwa ivo saa ya jua kutoka na kuzama haibadiliki sana mwaka mzima, lakini pahali linapotokea panabadilika. Juni linachomoza likiwa limesogea kaskazini ya mashariki, Disemba limesogea kusini, na tofauti hiyo kwa macho ni kubwa sana, mbuyu uliokaa sawa na jua Januari ukirudi Julai utakuta jua liko mbali kule juu ya paa la mtu. Kuna programu kama PhotoPills zinakuchorea mstari juu ya ramani, au simama tu pale mwenyewe uone na uandike tarehe.

Na kwetu jua halilali upande, linapanda wima. Mwanga ule mlaini ni kama nusu saa tu, ikifika saa 2 na nusu asubuhi vivuli vishakua vikali. Kwa ivo kufika "jua likitoka" ni kuchelewa. Mimi hutumia adhana. Adhana ya alfajiri ikilia una kama saa moja na kidogo kabla jua kutoka, hapo ndo uwe unafunga mlango wa nyumba. Jioni, adhana ya magharibi ikilia jua limeshazama, na utaona watu wote wanafunga kamera wanaondoka, na rangi zile za zambarau na waridi zinakuja dakika 10 mpaka 20 baada ya hapo. Kaa. Baadae giza linaingia ghafla, kuwa na tochi.

Ramani, halafu miguu

Fungua ramani kwa setilaiti, usifungue ile ya kawaida. Tafuta vitu vitatu: pahali hori inapojikunja karibu na barabara, vipande vya kijani kizito kando ya maji ambavyo ni mikoko, na vile vijistari vyeupe vya njia za miguu vinavyoshuka kutoka barabara mpaka baharini katikati ya viwanja vya watu. Hizo njia ndo hazina. Upande wa Nyali, Bamburi na Shanzu ukuta umefuata ukuta, mtu anadhani bahari ni ya wenye hoteli, kumbe hapa na pale kuna kichochoro cha umma ambacho wavuvi wanapita na nyavu zao. Bandika pini kila unachokiona, hata kama huna hakika.

Halafu nenda mchana, saa 7 au saa 8, jua kali, na usipige picha. Nasema kweli, mchana wa kukagua ndo unaookoa asubuhi ya kupiga. Unaangalia: gari au boda inafika wapi, kuna mbwa, kuna askari, waya wa stima umekatiza wapi, taka ziko upande gani, mti gani umesimama peke yake, na maji yalipofikia jana, utaliona lile tuta la mwani mkavu. Kati ya pini 10 mimi hubaki na mbili au tatu. Hiyo ni kawaida, usivunjike moyo.

Waulize wenye pahali

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja kwenye maandishi haya yote ningechagua hiki. Lokesheni zangu nzuri zote nimeambiwa na watu, wengi wao wavuvi. Lakini kuna namna ya kuuliza. Ukimwendea mzee na kamera shingoni ukamuuliza "pahali pazuri pa picha ni wapi" atakuonyesha hoteli, manake ndo anachodhani unataka. Muulize mambo anayoyajua yeye.

Nakumbuka asubuhi moja upande wa Tudor, mzee anashona wavu, nikakaa kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, habari za asubuhi?"

"Njema. Nilikua nauliza, hawa ndege weupe, yangeyange, jioni hulala wapi?"

Akaniangalia, akaweka wavu chini. "Hulala mlilana ule mkubwa pale mkononi, lakini sasa hivi hutawaona, njoo maji yajae. Maji yakiwa kidogo hukaa mbali kwenye matope. Njoo mwezi kumi na saba hivi na usivae nguo nyeupe."

Kwa maneno hayo machache amenipa mti, amenipa maji, amenipa tarehe na amenipa nguo. Nilikwenda, walikuja zaidi ya mia, wanateremka juu ya mti mmoja mpaka ukawa mweupe. Nilirudi na picha imechapishwa nikampa, na mpaka leo nikipita hapo ananiambia nini kimebadilika. Hiyo ya kurudisha picha iliyochapishwa ifanye, ni shilingi kidogo sana na ni haki yao.

Maswali mengine yanayofanya kazi: ukungu hukaa wapi asubuhi ya mvua, ngalawa hutoka saa ngapi na hurudi saa ngapi, mbuyu gani wa zamani zaidi eneo hili, mwaka huu mchanga umeliwa wapi na bahari. Kina mama wanaouza samaki wanajua saa za mashua kuliko mtu yeyote. Watu wa boda wanajua njia. Na pale ambapo pana uongozi wa wavuvi, ile BMU, pita ofisini kwao useme wewe ni nani kabla hujaanza kuzunguka zunguka na stendi ya kamera.

Pahali penyewe, kwa maoni yangu

Mama Ngina nianze nayo manake kila mtu anaijua na ndo inayodharauliwa. Tangu ipanuliwe 2019 watu wanaenda kwa mihogo na kachiri na kupunga upepo, wanapiga selfi na meli wanaondoka. Mimi naipenda kwa mibuyu. Iko mikubwa pale, mashina yamekunjana kama ngozi ya ndovu, na nyuma yake ni bahari tupu. Kiangazi mibuyu hupukutisha majani, inabaki matawi matupu, hiyo ndo saa ya kuipiga ikiwa nyeusi mbele ya anga la alfajiri. Mvua zikianza inavaa majani na inatoa maua meupe ambayo hufunguka jioni na huzuriwa na popo usiku, ukikaa na subira na tochi ndogo utayapata. Upande wa Lighthouse alfajiri unapata jua likitoka baharini na meli zikingojea kuingia Kilindini. Alfajiri kuko salama kiasi kwa sababu ya watu wa mazoezi, ila usiende peke yako na kamera ya bei.

Hori ya Tudor ndo penzi langu. Iko katikati ya mji, watu wanapita daraja la Nyali kila siku na hawaangalii chini. Mikoko ya huku ukijua majina yake unaanza kuiona tofauti: mlilana ndo unaotangulia mbele baharini, mkoko wenyewe ndo ule wa mizizi ya upinde kama buibui, mchu ndo wenye vijiti vinavyochomoza kutoka kwenye matope kama penseli elfu moja. Maji yakipwa piga mizizi, kaa na penseli za mchu na vijikaa, shuka chini kabisa kamera iwe karibu na matope. Maji yakijaa mizizi imepotea, hapo piga miti na kivuli chake, na jua linazama upande wa bara. Kodi mtumbwi kwa mvuvi, mkubaliane bei kabla, na umwambie asipige kasia ukiwa unapiga picha, maji yatulie. Saa moja ndani ya mtumbwi imenipa picha nyingi kuliko mwezi mzima wa kusimama ukingoni.

English Point, ng'ambo ya Mji wa Kale, ni ya jioni: jua linashuka nyuma ya nyumba za kale na minara, na Fort Jesus iko kushoto kwako. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga 1593 na ukuta wake wa baharini unaangalia mashariki, kwa ivo ukiitaka yenyewe na rangi zake usije jioni, njoo asubuhi jua linapoipiga usoni. Jioni ni umbo tu, jeusi.

Nguuni, nyuma ya Bamburi njia ya kwenda Kiembeni. Nyika yenye mikoma, ile miti mirefu jamii ya mnazi inayogawanyika matawi, na twiga, pofu na mbuni wanatembea chini yake, na iko wazi upande wa magharibi. Ukitaka picha ya machweo yenye sura ya Afrika ya ndani na uko umbali mfupi tu kutoka baharini, ni hapa. Uliza utaratibu wa kuingia jioni mapema, usifike langoni saa 12. Mbinu yangu ni kuchagua mkoma kwanza, nikausubiri, nikaacha twiga aje mwenyewe au asije, ukimfuata twiga utazunguka mpaka giza na hutapata fremu hata moja iliyosimama.

Haller Park ni kinyume, ni ya mchana. Ilikua machimbo matupu ya simiti, na 1971 René Haller akaanza kupanda miti kwenye jiwe lile kavu na mvinje ndo ukakubali. Leo ni msitu. Kivuli chake kinafanya saa 6 mchana iwe na mwanga mzuri, na siku ya mawingu ndo bora zaidi. Watu wanapiga twiga na viboko, mimi napiga ile miale inayopita kwenye mivinje na mabwawa yenye majani juu.

Mbuga ya baharini ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986, unaingia kwa boti kutoka Bamburi au Nyali na unalipia KWS, shirika la wanyamapori. Kwa picha za mandhari kaskazi tu, kusi maji ni maziwa. Na ukiwa juu ya mwamba kanyaga mchanga au jiwe kavu, usikanyage matumbawe, usinyanyue kiti cha pweza ukakipanga upate fremu, kiache kilipo na wewe ndo usogee.

Ukivuka Mtwapa kuna Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 chini ya miti mikubwa, msikiti wake uko karibu kabisa na bahari na ufukwe wenyewe huwa hauna watu. Utulivu wa pale sijaupata pengine. Lango hufunguliwa asubuhi kwa ivo alfajiri piga ufukweni kwanza halafu ingia ndani mwanga ukiwa bado unapita kwenye milango.

Upande wa kusini ukiwa na siku nzima panda Shimba Hills kule Kwale, hakuna pengine Kenya utakapomkuta palahala, yule swala mkubwa, mwituni, kuna ndovu, kuna maporomoko ya Sheldrick ya mita 21 ambayo unashuka na askari wa mbuga, na asubuhi za baridi vilima vinavaa ukungu huku bahari inaonekana kwa mbali. Gazi nako kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, unalipa kidogo unaingia na viatu vyako safi, kwa mtu anayeanza na anayeogopa matope ni pazuri sana kujifunza.

Yale madaraja mapya ya Dongo Kundu, Mwache na Mteza, watu wanasimamisha gari juu wapige mikoko ya chini. Usisimame juu ya daraja, magari ya mizigo yanapita kwa kasi. Shuka vijiji vya chini, uliza njia, na kutoka chini daraja lenyewe linakua sehemu ya picha.

Pale usipotoa kamera

Feri ya Likoni na vivuko vyake, bandari, uwanja wa ndege na eneo la jeshi Mtongwe: weka kamera kwenye mkoba, hapo hakuna mjadala. Mimi nshawahi kukalishwa nusu siku na askari wa pahali fulani karibu na maji kwa sababu ya picha ya wingu, wingu lilikua juu ya ukuta ambao sikujua ni wa nani. Walinifutia kila kitu, hata zile za asubuhi za mikoko. Tangu hapo nikiona ukuta na waya nauliza kwanza. Droni inataka usajili na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya mbuga za KWS inataka ruhusa nyingine, na mji huu una ndege zinashuka chini chini upande wa Port Reitz, usirushe kwa kubahatisha.

Kaya za Wamijikenda ni misitu mitakatifu, kadhaa ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, na uzuri wake unamfanya mtu asahau adabu. Usiingie bila mzee. Kaya Kinondo kule Diani hupokea wageni, utafungwa kitambaa cheusi kiunoni na utaambiwa wapi upige na wapi usipige, na ukiambiwa usipige hapo usiibe picha kwa simu. Vilevile mapango na mibuyu kadhaa ya pwani watu hufanya tambiko, ukiona vitambaa vimefungwa, ubani au maji ya waridi, rudi nyuma. Mji wa Kale usimpige mtu bila kumuomba, na mwanamke akikataa hata kwa kichwa basi imekwisha hiyo.

Vitu vidogo vya mkononi: chumvi ya upepo inashika lenzi ndani ya dakika 10, beba kitambaa kikavu na chengine cha maji matamu. Ukitoka chumba chenye AC lenzi itajaa mvuke nje, iweke kamera sebuleni au kwenye veranda usiku. Stendi ikiingia maji ya bahari ioshe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, usingoje kesho. Mwenye simu funga mwanga kwa kubonyeza pale penye anga na ushushe kidogo, anga letu ni kali na simu hulichoma. Na baada ya macheo kuna mahamri na mbaazi za moto Mji wa Kale, kaeni hapo muangalie picha pamoja, wenzako wataona kitu ambacho wewe hukukiona.

Daftari

Chukua pahali pamoja karibu na nyumba yenu, pa kufika kwa miguu, na upaende mara nyingi mpaka pakujue. Anayekaa Jomvu aanze na mikoko ya Jomvu, wa Kongowea ashuke majini hapo chini, wa Likoni ana bahari mlangoni. Kila ukienda andika mistari miwili: tarehe, mwezi ngapi, maji yako wapi, upepo, mawingu, na umeona nini ambacho hukukitarajia. Kwenye simu sawa, mimi natumia daftari la shule. Ukurasa wangu wa Tudor una mistari thelathini na kitu na ule mwanga niliokua nautaka nimeupata mara mbili tu, zote mbili masika, zote mbili siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, maji yanakaribia kujaa na mvua imekatika alasiri. Mwezi ujao siku ya tatu inaangukia Jumamosi. Nshaongea na mwenye mtumbwi, nafasi ni mbili, ya pili bado haina mtu.